Domodomo Aliyechubuka Ubavu

Franceville, 3 Machi 1994

Mjomba Alogo,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, nakula, ila silali vizuri.

Wale samaki wako wa umeme, domodomo, walifika hai. Mmoja nimemchomekea waya kwenye uzi wa fahamu unaotoka kwenye ngozi kwenda ubongoni. Nikipiga umeme mfupi kama anaoutoa jike, uzi unaitika mara moja: tik. Nikipiga mrefu kama wa dume: tik ileile. Sasa anawatofautishaje? Mwalimu amenipa hadi Pasaka. Nisipopata jibu, ananihamishia kwenye minyoo ya migomba. Siendi kwenye minyoo.

Niandikie yote uliyoyasikia kwa ile redio yako mbovu.

Mpwa wako,
Andeme

Makokou, 14 Machi

Andeme, mama,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kila asubuhi. Mkaza mjomba wako anasema redio si mbovu, mbovu mimi.

Mimi sikusoma, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuangalia. Natumbukiza nyaya za redio kwenye maji, nasikiliza umeme wao unavyolia. Dume akisikia jike, anajilegeza. Akisikia dume mwenzake, anamvamia. Lakini ninaye mmoja ambaye wavu ulimchubua ubavu wote wa kulia. Huyo anavamia kila mtu: dume, jike, hata betri ya tochi. Nikasema ni hasira za kidonda. Kidonda kimekauka, na bado hamtambui mkewe. Nimempa jina la baba yako.

Wewe waya umeuchomeka ubavu upi?

Mjomba wako,
Alogo

Franceville, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na msalimie mkaza mjomba. Usiniulize usingizi.

Kushoto. Miezi sita, tangu samaki wako wa kwanza, kushoto tu, kwa sababu kulia kwa meza yangu kuna ukuta. Nimeivuta meza, nikachomeka na kulia.

Umeme unaingia ubavu mmoja, unatokea wa pili. Ukija kutoka kushoto, uzi wa kushoto unasema tik mpigo unapoanza. Wa kulia unanyamaza, halafu nao tik, mpigo unapoisha. Ubongo unapima pengo lililo katikati: refu ni dume, fupi ni jike. Mwenye ubavu mmoja hana cha kupima.

Mwalimu alitazama karatasi, akasema, "Rudia." Nimerudia mara arobaini. Jana akasaini: samaki wanabaki kwangu.

Kisha akauliza aliyenionyesha anafundisha chuo gani. Nikamwambia hakijajengwa.

Mpwa wako,
Andeme