Mawimbi Yasiyo na Maji

Chumba cha cherehani, nyumbani
Jumapili, mvua ikikatika

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi hatujambo. Goti la Bibi limepungua uvimbe. Ulimi wake, kama ujuavyo, haujawahi kuugua.

Mama ameniambia unafikiria kuacha kazi kwa sababu Bibi amekunyima radhi. Tafadhali usiache. Kosa ni langu, na naona haya hata kuliandika.

Ulipotuandikia kwamba unachunguza mawimbi makorofi ndani ya mwanga wa leza, Bibi aliniita nimsomee mbele ya wateja wake. Nilipofika kwenye "leza" nikaona macho yote kwangu, nikajua swali litakalofuata, pamoja na lile jina lao la kunitania: leza ni nini, Profesa? Unajua ninavyokuwa nikiulizwa mbele za watu. Nikalimeza neno. Nikasoma, "Anachunguza mawimbi makorofi," basi.

Bibi akasimamisha cherehani. "Mawimbi? Huyu aliyekuwa akiogopa hata beseni?"

Mteja mmoja akadakia kwamba mawimbi ya namna hiyo humeza meli nzima. Ningeweza kusema pale pale. Nikajifanya nimeitwa nje.

Kumbe tangu siku hiyo Bibi hapati usingizi. Ule ujumbe wake, "Sikupi radhi mpaka utoke majini," nasikia ulidhani ni fumbo. Si fumbo, mama mdogo. Ni maji kweli.

Jana nilimwambia. Nilimweleza kwamba mwanga wa mashine yako hautoki mfululizo, hutoka kwa mipigo kama sindano yake, tak tak tak, yote ikilingana. Lakini mashine ikirekebishwa kwa namna fulani mipigo huanza kuyumba, na kwa nadra huinuka mmoja mkubwa ajabu, ukaizidi mingine yote kwa ukubwa mara kadhaa, kisha ukatoweka. Wataalamu wakauazimia jina la yale mawimbi yanayozuka baharini bila taarifa. Wewe unatafuta chanzo chake, tena umekaa kitini, chumba kikavu.

Bibi alivuta uzi. "Kwa hiyo mwanangu yuko nchi kavu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulijua."

Nikainama kuokota vipande vya kitambaa sakafuni.

"Neno umelimeza wewe," akasema, "likanikwama mimi."

Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Alisema tu kwamba wateja wake bado wanakuombea usizame, na aliyewatia majini ndiye atakayewatoa, mmoja mmoja, leza na yote. Nimeanza na mteja wake mmoja, muuza vifungo. Sauti ilinitoka kama ya mbu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwambie asilowe."

Radhi umepewa. Bibi amenituma niiandike kwa maneno yake, nami nayaandika yote: "Mwanangu, nimekuwia radhi tangu kuzaliwa kwako, ile nyingine ilikuwa hofu. Fanya kazi yako. Ila usiyasogelee mno. Korofi ni korofi hata likiwa kavu. Na huyu mtoto usimgombeze, nimeshamgombeza kwa kunyamaza."

Hilo la mwisho nilitaka kuliruka. Sikuliruka.

Nisalimie baba mdogo na wale pacha. Mungu akulinde, macho yako kwanza.

Akupendaye, japo kwa aibu,
Profesa