Kwa Mwalimu Peres, Aliyekataa Bawabu Arudi Nyumbani

Mwaka umezunguka, Peres, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na tisa Julai ulipotuacha, ukiwa na miaka arubaini na mitatu, na rundo la insha za wanafunzi bado halijasahihishwa kando ya kitanda cha hospitali. Watu wametuambia mwaka unatosha. Tuweke picha yako, mistari minne, tumshukuru Mungu, tuendelee. Mungu tunamshukuru. Mistari minne haitutoshi.

Chai yako uliitia tangawizi mpaka wageni wakakohoa. Miwani uliisahau kichwani ukaisaka nyumba nzima, ukitushuku sote. Jumamosi ulitembea kutoka Kabiria hadi soko la Kawangware bila cha kununua, kwenda tu kusikiliza watu wakigombana, ukarudi umejaa maneno. Kila mtu alikuwa "mtu wangu": mwalimu mkuu, muuza sukuma, hata kanjo, askari wa jiji. Wanafunzi waliokuja mazoezi ya drama na njaa uliwapakulia githeri ya sufuria yetu, nasi tukala kilichobaki na hatukuthubutu kuguna.

Baba yako alilinda lango la nyumba moja ya Spring Valley kwa miaka ishirini na miwili. Alipofariki, hukulia mbele za watu. Ulinunua daftari la kurasa mia mbili, ukaanza kuandika mchezo wa kuigizwa na chama cha drama cha shule yako. Ukauita *Bawabu wa Ukungu*.

Msichana Nabwile anaamka kesho yake baada ya kumzika baba, anakuta hakuna anayelikumbuka jina lake. Hata yeye amelisahau. Wote wanamwita "yule aliyefiwa". Basi anavuka mto wa ukungu, anampita ndege mwenye vichwa viwili, kimoja cha kuuliza na kimoja cha kudanganya, mpaka anamkuta baba yake amevaa koti refu, analinda lango la Malkia wa Ukungu. Malkia anamwambia: mchukue baba yako, lakini jina lako liache hapa milele. Na baba mwenyewe, kwa mkono wake, anamfungia binti lango. Nabwile anarudi peke yake, na njiani jina linamjia.

Ivyne, mtoto wetu wa pekee, hakutaka nafasi katika mchezo huo. Alichoka kuitwa mtoto wa mwalimu katika shule ambayo mama yake alifundisha. Hukumlazimisha. Ulimpa kazi ya kukaa pembeni ya jukwaa na daftari, awanong'oneze waliosahau maneno. Alinung'unika, akakaa, na bila kujua akaumeza mchezo mzima.

Machi ukaanza kuumwa. Julai tukakupeleka Bungoma, tukakulaza karibu na baba yako.

Siku ile ile ya mazishi, mama yako, Kukhu Nanyama, alimshika mkono mumeo Were mbele ya jeneza. "Lile daftari lizikwe naye," alisema. "Alimwandika mzee wangu kule kwa wafu, naye akamfuata. Lisibaki duniani." Were hakumjibu mkwewe vibaya. Alisema tu, "Hapana, Mama," na daftari likabaki ndani ya koti lake.

Ivyne aliporudi shuleni, alikuta maneno hayo yamemtangulia. Anita, aliyekuwa akiigiza Nabwile, alikuwa ametolewa kwenye chama na mama yake. Njiani kuelekea Riruta watu walinong'ona kwamba mwalimu aliandika kifo, kifo kikamsoma. Tunajibu hapa, wazi, kwa majina yetu: kilichokuua ni saratani ya ini. Mchezo haukuua mtu. Na aliyesema vile anajijua, na bado tunamwamkua.

Ivyne alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na mitano. Mtoto asiyeweza kuagiza mandazi kantini bila kumtuma mwenzake. Mwezi wa Septemba alibisha mlango wa mwalimu mkuu, Bwana Muthama, akaingia kabla hajaitikiwa.

"Mwalimu, ule mchezo wa Mama tutaucheza siku ya kufunga shule."

Bwana Muthama aliweka kalamu chini. "Mtaucheza, ama umekuja kuomba muucheze?"

"Nimekuja kuomba. Lakini tutaucheza."

Hakumfukuza. Tumpe haki yake: alikuheshimu, na wazazi walikuwa wamempigia simu mpaka akaizima. Alimwambia akae.

"Sikiza, binti. Nitakubali kwa sharti moja. Badilisha mwisho. Huyo baba arudi nyumbani, watu wacheke, kwaya iimbe, tuende likizo. Watoto walizwe ndiyo iwe nini? Nikiona amebaki ng'ambo huko, nitafunga pazia mimi mwenyewe."

Ivyne alikubali. Hukupenda tufichane, kwa hivyo tunakuambia ukweli wote: alikubali kwa moyo mkunjufu. Jumamosi nzima alijifungia chumbani akaandika mwisho mpya. Malkia analegea, lango linafunguka, bawabu anaingia nyumbani kwake na koti lake, anavua viatu mlangoni, anaketi, na neno la kwanza analosema ni, "Chai iko wapi, mtu wangu?" Alipofika hapo alicheka peke yake. Kisha akaandika baba akinywa kikombe cha pili, na cha tatu, kwa sababu hakutaka ukurasa uishe.

Nabwile sasa alikuwa yeye. Hakuna mwingine aliyejua maneno yote. Bawabu alikuwa Omollo wa kidato cha tatu, kijana mrefu mwenye sauti ya pipa, uliyemtoa kwenye mpira wa vikapu kwa nguvu. Jumanne jioni, kwenye ukumbi wa kulia chakula, walifanya mazoezi ya mwisho huo mpya. Omollo alitembea hadi kwenye kiti, akavua kiatu kimoja, akasimama na kiatu mkononi.

"Sema," Ivyne alimwambia. "Chai iko wapi."

"Ivyne, hii siwezi."

"Ni maneno matatu na mtu wangu. Utashindwa aje?"

"Si maneno." Omollo aliangalia kile kiatu. "Buda yangu, baba mwenyewe, alienda nikiwa darasa la tano. Hajawahi rudi. Sasa mimi nikitokea hapo, eti nimerudi, nadanganya nani? Na si mimi peke yangu. Hesabu tu hii chama yetu, uone ni wangapi."

Ivyne alimwambia ni mjinga. Alimwambia hajui chochote, kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko la shule na hasira yake. Hasira ile haikuwa juu ya Omollo. Ilikuwa juu yako, Peres. Ungeweza kuandika baba akarudi. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Ukamfungia.

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake, kule Dagoretti. Were alikuwa akichonga mdomo wa ndege wa vichwa viwili kwa mbao zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Tangu akuzike hakuwa amekanyaga shuleni kwenu. Hata sare ya Ivyne alimtuma fundi aichukue.

"Dadi, kwa nini Mama hakumrudisha?"

Were alipuliza vumbi la mbao kabla ya kujibu. "Nilimuuliza. Nilimwambia, wewe mwanamke, mrudishe mzee, ni karatasi tu. Akalia. Kule nyumbani wakati wa matanga hakulia, lakini hapo alilia. Akaniambia, nikimrudisha, Were, yule msichana atakaa mlangoni maisha yake yote."

Ivyne alishika kile kichwa cha ndege akakigeuzageuza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba wewe pia ulitaka arudi. Alikuwa akidhani una nguvu kuliko watu wengine. Kumbe uliandika ule mwisho ukilia, na bado ukauandika.

"Bwana Muthama atafunga pazia," alisema.

"Pazia nimetengeneza mimi," Were alisema. "Najua kamba yake iko wapi."

Kesho yake Ivyne alimwomba Omollo msamaha mbele ya chama kizima. Kisha akachana zile kurasa zake, zote, pamoja na kikombe cha pili na cha tatu. "Tunacheza ya Mwalimu," alisema. "Mkuu ataona siku hiyo hiyo. Mwenye kuogopa atoke sasa, sitamchukia." Alitoka mmoja tu, aliyekuwa mkia wa ndege, naye akarudi Ijumaa.

Ekta, rafiki yako wa duka la vitambaa pale Biashara Street, alisikia hatuna ukungu. Alimvuta Ivyne hadi stoo, akamshushia jora mbili za shifoni ya kijivu. "Beba yote," alisema. "Mama yako alikuwa anakuja hapa kununua stori kwangu, si nguo. Kila wiki! Leo mimi nampa." Na alipokuwa akiifunga alimgeukia Ivyne na uso mkali. "Na wewe usiuigize huo mchezo kwa huruma, sikia? Peres hakuwa mtu wa huruma-huruma."

Siku ya kufunga shule, saa tano asubuhi, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bwana Muthama alikaa mstari wa mbele, karatasi za ule mwisho mpya, alizopewa kabla Ivyne hajachana zake, zikiwa mapajani. Nyuma yake alikaa Kukhu. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amefika jana yake kutoka Bungoma akisema amekuja kliniki ya macho, na asubuhi akavaa nguo ya kanisani bila kumweleza mtu. Were alisimama pembeni, karibu na kamba ya pazia.

Ivyne aliingia. Dakika ya kwanza sauti haikutoka. Hapakuwa na mtu pembeni wa kumnong'oneza, na alijua hivyo, na watu wote walijua. Alisimama. Kisha akasema neno la kwanza, na la pili likafuata. Watoto wadogo walipiga yowe ndege alipofungua midomo miwili. Shifoni ya Ekta ilipoinuliwa na Omollo akatokea ndani yake na koti refu la bawabu, tochi kiunoni, Kukhu aliweka mkono kinywani. Mzee wake alikuwa akisimama vile vile, uzito kwenye mguu mmoja.

Malkia alitoa sharti lake. Bwana Muthama alifunua karatasi, akafuata kwa kidole. Omollo hakuvuka lango. Alilishika, akalivuta taratibu, akasema maneno yako: "Nenda, binti yangu. Mimi zamu yangu ni huku."

Bwana Muthama aliinuka. "Simamisheni! Simamisheni huo mchezo! Hivi sivyo tulivyokubaliana!"

Omollo aliganda na lango mkononi. Ivyne alimtazama mwalimu mkuu na hakushuka. Were alishika kamba ya pazia kwa mikono miwili, tayari kuzuia.

Sauti iliyotoka ilitoka mstari wa pili, ya mwanamke mzee, haikupazwa. "Keti, mwalimu. Mtoto hajamaliza."

Bwana Muthama aligeuka. Kukhu alikuwa akilia waziwazi, leso mapajani haijaguswa. "Keti," alisema tena. "Nimetoka mbali."

Akaketi.

Lango likafungwa. Ivyne aliugeukia umati, akatembea ule mwendo wote wa kurudi nyumbani, jukwaa lote, polepole, ukungu ukimtoka mabegani. Alipofika ukingoni alisimama. Tulidhani amesahau. Hakuwa amesahau, alikuwa akisubiri mpaka aweze kulisema bila kutetemeka. "Nabwile," alisema. "Mimi naitwa Nabwile." Kama ulivyoandika, bila kuongeza neno.

Hatukusikia makofi mwanzoni. Tulisikia watu wakipenga kamasi, watu wazima, na mama mmoja nyuma akitaja jina la mtu wake kwa sauti, kisha mwingine la wake. Mama Anita alikuwa miongoni mwao.

Muhula uliofuata Ivyne alipewa adhabu ya wiki moja nyumbani kwa kukaidi uongozi. Were aliingia ofisini, mara yake ya kwanza, akatia sahihi barua. "Wiki moja?" alimwuliza Bwana Muthama. "Sawa. Tulikuwa tumejiandaa kwa mwezi." Wakapeana mikono. Chama hakikufungwa; wazazi walikataa, na Anita alirudishwa na mama yake mwenyewe. Na Ivyne, katika ile wiki yake ya adhabu, alinunua daftari. Anaandika cha kwake. Hatuonyeshi, na tukichungulia anatufukuza.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Were, binti yako Ivyne, mama yako Kukhu Nanyama, ambaye hakwenda kliniki ya macho hata siku moja, Ekta wa Biashara Street, aliyesema jina lake lisipoandikwa hapa tutamtambua, Omollo na chama kizima cha drama, na majirani wote wa Kabiria waliokula githeri yako. Ibada itakuwa Jumapili nyumbani, baada ya kanisa. Msije na nyuso za msiba. Anayetaka kulia atalia, hatutamnyamazisha, na anayetaka kusema nawe atasema kwa sauti.

Hatutakusahau, Peres, na hatutamwomba mtu radhi kwa hilo.