Jibu Nililompa Muuguzi

Kasongo, mdogo wangu,

Mwanao Mwadi amefanyiwa operesheni ya mguu na yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka barua yote kulitafuta. Ndivyo ulivyokuwa, hukuwa na subira hata ya kungoja bukari, ugali wetu, ipoe kwenye sahani.

Tangu uondoke mji wetu umepungua. Wanaoingia kiwandani ni wachache, mshahara umekuwa hadithi, na nyumba mbili kati ya tatu kwenye barabara yetu zina watu nisiowajua. Hata muuguzi aliyekupa dawa ya usingizi hayupo tena Likasi, aliondoka kwa treni pamoja na Wakasai waliofukuzwa Katanga. Nilimwona stesheni, amekaa juu ya godoro lake na watoto wake. Nilikwenda pale nikiwa na neno la kumwambia. Nikarudi nyumbani nalo.

Sasa nikuambie wewe.

Asubuhi ile ulipopelekwa kukatwa ngiri, ile uliyoipata kwa kubeba mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, muuguzi alinivuta kando akaniuliza: "Mu famille yenu, kuko muntu alishakufa ku operasyo?"

Nikamjibu hapana, hakuna aliyefia kwenye operesheni. Nilijibu upesi. Nkambo, bibi yetu aliyetulea, alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu na kapu lako la chakula.

Wewe hukujua habari za Baba Mdogo, ulikuwa bado unanyonya. Alilazwa ili wamnyooshe mkono uliovunjika, mwili ukawaka moto, akafia kwenye meza ya operesheni. Ukoo ukasema ni Nkambo, mama yake mwenyewe, ndiye aliyemla kwa uchawi. Wakamtoa nje na sufuria zake. Baba alipopigania arudi, wazee walikubali kwa sharti moja: wote tulikunywa maji ya kikombe kimoja na kuapa kwamba kifo kile hakitatajwa tena mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa na miaka tisa, nami nikanywa. Basi muuguzi alipouliza, nilichokiona mimi ni sufuria za Nkambo zikitupwa nje mara ya pili.

Muda si mrefu baada ya jibu langu muuguzi alitoka mbio kutafuta maji, mabomba yalikuwa makavu. Niliingia na ndoo yangu. Nilikukuta umekakamaa kama ubao, taya hazifunguki, na ngozi yako ilinichoma kiganja. Wakasema malaria imepanda kichwani, wakakutundikia dripu ya kinini. Tulikufunika mashuka yenye maji nayo yakakauka juu yako. Hata adhuhuri haikufika, ukakata roho.

Kiganja changu hakijapoa, Kasongo. Nikimgusa mtoto yeyote kwenye paji la uso, nakugusa wewe kwanza. Nimeacha kupokea watoto wa watu wakiwa na homa, na wamama wa hapa wanadhani nimekuwa na maringo.

Halafu Mwadi akaanguka kutoka kwenye lori, alipokwenda na mama yake kununua mahindi. Mguu uliovunjika ukaungana vibaya, ikabidi mfupa ukatwe upya na kunyooshwa. Tukampeleka hospitali ya misheni, upande wa Kapolowe. Daktari akafungua daftari na kuuliza swali lilelile. Na Nkambo alikuwa ubavuni mwangu, safari hii pia.

Nilimgeukia daktari. Nikasema ndiyo, wawili. Nkambo akashika kitenge changu akakivuta. Niliendelea hivyohivyo, nikamtaja mwanawe, nikakutaja wewe, nikaeleza ule moto na kule kukakamaa.

Daktari hakushangaa. Alisema ni ugonjwa wa misuli unaokaa kwenye damu, mzazi humpa mtoto bila yeyote kujua. Mtu anaishi na nguvu zake zote mpaka siku atakapovuta dawa fulani za usingizi. Nilimuuliza kama una tiba. Akasema ipo, inaitwa dantrolene, ni unga wa rangi ya machungwa unaoyeyushwa kwa maji na kupigwa upesi kwenye mshipa, chupa nyingi kwa mtu mmoja, na misuli inaachia. Yeye hana, wala hajui aliye nayo Katanga nzima. Kwa hiyo Mwadi hatavuta kitu chochote. Atachomwa sindano ya mgongoni, miguu ife ganzi, yeye akae macho.

Hapo ndipo nilipokwama mpaka leo. Hiyo dawa ya machungwa haikuwepo Likasi, sawa. Lakini sindano ya mgongoni ilikuwepo. Jirani yako wa kitanda alichomwa wiki ileile. Muuguzi alihitaji kunisikia tu nikisema ndiyo. Badala yake ameondoka akiamini alikosea kipimo cha dawa, na sijui treni ilimshusha wapi.

Tulipotoka kwa daktari, Nkambo alisimama ukumbini. Aliuliza polepole: "Ni kusema haiko minye njo nilimuua mutoto yangu?"

Miaka yote hiyo alikuwa anajishuku mwenyewe, kwamba huenda alimla usingizini bila kujua. Sisi tulifunga midomo ili tumlinde, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba si yeye. Nilimkalisha chini nikamwambia haiko weye, Nkambo, si wewe uliyemuua. Alinifanya niseme mara tatu.

Mwadi alipotolewa chumba cha operesheni nilishindwa kumgusa. Nkambo ndiye aliyemshika paji la uso, akauchukua mkono wangu akauweka pale. Alikuwa wa baridi, mdogo wangu. Alikuwa anaomba chakula.

Nimeandika ugonjwa huo kwenye karatasi zake zote za hospitali, na nitazunguka kumwambia kila mwenye damu yetu, hata waliotutupia sufuria. Hiyo ni ahadi, na ndiyo nyepesi. Ya pili ni kwamba Mwadi akiniuliza baba yake alikufaje, sitamwambia malaria. Nitamwambia niliulizwa, na nitamwambia nilijibu nini.

Kwaheri, Kasongo. Ameshaanza kuuliza.

Yaya wako, dada yako mkubwa