Hindi la Kwanza la Mama

Litapunga

Mdogo wangu Yotham,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, ila nyani wametutangulia kuonja mahindi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Mwanao Happiness kaniambia, “Shangazi, baba kasema kumtaja bibi kabla ya kula mahindi mapya ni mambo ya mizimu.”

Mizimu gani, Yotham? Mama alipofariki uligoma kula, ukakonda kama fito. Nikakuchomea hindi la kwanza la shamba lake, nikakwambia, “Taja jina la mama, halafu ule.” Ukalitaja, ukalia, ukala. Desturi yetu ilianzia hapo, na sala tunaitanguliza. Leo unaiita ushetani mbele ya watoto?

Jumapili tunachoma. Mlete Happiness. Bibi yake hakumwona. Basi hata jina alisikie kinywani mwako.

Dada yako anayekuombea hata akikasirika,
Editha