Wembe wa Siku Ile

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Kawetele? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi nakula, nafanya kazi, ukiniona utasema mzima. Gwamaka, kaka yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, ukifika pagumu usiruke. Nimejaribu kuyasema haya kwenye simu mara tatu, kila mara nikaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Hapa Ujerumani mvua inanyesha kama Tukuyu, ila haioteshi mgomba hata mmoja. Ukimsalimia mtu njiani anashtuka. Siku nzima niko maabara, nakata vipande vyembamba vya maini ya wagonjwa na kuvitazama kwa hadubini, tujue ugonjwa unavyoyaharibu. Jioni nachemsha yale majani ya chai uliyonifungia, nakunywa peke yangu. Upweke unaniuma, Mama. Kuna siku naona maini ya watu nisiowajua ndiyo wenzangu.

Nilipoanza kazi walitupima damu kabla ya kutuchanja. Wenzangu walichanjwa. Mimi daktari aliniita pembeni.

"Una kirusi cha homa ya ini," akasema. "Inaonekana umekaa nacho miaka."

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Sikuwa na wa kumwambia. Nilimkumbuka Baba, macho yake ya njano na tumbo lilivyojaa. Halafu nikamkumbuka yule mganga. Alimchanja Baba chale, kisha kwa wembe uleule akatuchanja sisi watatu, wewe Mama, Gwamaka na mimi, ati kilichomwingia Baba kisitufuate. Alama zangu bado ziko kifuani. Daktari hana hakika kama ni wembe ule au nilizaliwa nacho. Alichonihakikishia ni kwamba kirusi hiki hupita kwenye damu, hakipiti kwenye chakula.

Na sisi tulisema ni ndizi za Shangazi Tumpe! Kwa kuwa Baba alikula kwake Jumapili, Jumatatu akaanza kutapika, tukamwita dada yake mchawi. Msibani alipokuja kukaa mkekani na wanawake wenzake, aliyemwambia "Toka" ni mimi.

Usiogope, Mama, sifi kesho. Ini langu linaangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, na dawa zipo zikihitajika. Hofu yangu iko huko nyumbani. Gwamaka, wiki hii nendeni hospitali mkapime, wewe, Mama na mkeo. Mkeo akikutwa nacho, mkunga ajue mapema, ili mtoto achanjwe mara tu anapozaliwa. Usiniambie hujisikii kuumwa. Baba naye alibeba mikungu ya ndizi hadi sokoni mpaka karibu na mwisho.

Nisalimie mama mkwe wa Gwamaka, na mchungaji wetu, na Mzee Salum fundi cherehani. Mwambie koti alilonishonea ndilo linaloniokoa na baridi ya huku.

Salamu za Shangazi usimpe mtu azipeleke. Nenda mwenyewe. Yeye na Baba walitoka tumbo moja, naye anatakiwa kupima, na tangu msiba ule hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza hali. Mwambie Atupele anaomba radhi. Na akikukaribisha ndizi, Mama, kaa ule.

Ni mimi mwanao,
Atupele