Vitasa Vitatu vya Gari la Maharusi

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na macho hayakusumbui kazini. Mimi mzima wa mwili, ila roho iko juu juu. Najua simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi.

Nimepoteza funguo za gari. Si gari la hivi hivi, ni lile jeusi la kizamani ninaloendesha siku hizi kubebea maharusi. Lina vitasa vitatu, cha mlango, cha swichi na cha buti, na kila kimoja kina ufunguo wake. Nilikuwa naliosha, milango wazi, funguo mfukoni. Nilipomaliza hazipo. Nimechokoa mtaro wa uani kwa mikono mpaka kucha zinauma. Mafundi wa hapa wanasema mashine zao hazina mfano wa funguo hizo. Mmoja alitaka kuipiga swichi nyundo, nikamfukuza.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, amelazwa mji mwingine. Ameniruhusu nitafute fundi. Jumamosi tarehe 22 kuna harusi. Mama, simjui mwingine anayechonga ufunguo kwa tupa. Nisaidie.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, na macho yanaona yanachotaka.

“Zimepotea.” Neno hilo nalijua. Miaka mitano iliyopita ndilo ulilonijibu nilipokuuliza ufunguo niliomchongea mfamasia uko wapi, na kesho yake gari lake likakutwa mtaroni, viatu vyako ndani. Mwaka mzima watu walipita mlangoni kwangu kama hawanioni. Ndipo nikabadilisha kitasa cha nyumba, nawe ukaondoka.

Sasa sikiliza. Vitoe vitasa vyote vitatu. Cha buti utakifikia ukiondoa kiti cha nyuma. Usilazimishe skrubu hata moja. Vifunge kwenye kitambaa, vitume kwa basi. Lakini tupa yangu haigusi chuma kabla sijaona maandishi ya mwenye gari mwenyewe. Hata angekuwa nani anayeomba.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na kazi. Vitasa hivyo hapo, nimevitoa kwa adabu zote. Barua ya mwalimu nayo hiyo, kama ulivyotaka.

Tafadhali fanya haraka. Gari limekaa uani na matundu matatu, na kila nikilipita nageuza uso.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ila nimekasirika.

Mwalimu wako anaandika “g” yenye mkia uliojikunja mara mbili. Nani mwingine anaandika hivyo? Nilikufundisha mimi, kwenye meza hii hii, wakati penseli ni ndefu kuliko mkono wako. Umeniona mtoto?

Vitasa ninavyo. Havirudi na havichongewi ufunguo. Kamwambie mwenye gari ukweli.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Mwalimu hakuwa anajua. Nilikudanganya tangu barua ya kwanza, kwa sababu niliogopa. Tangu yale ya mfamasia, huyu ndiye mtu wa kwanza kunikabidhi kitu chake akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jana nilipanda basi nikamfuata wodini, nikamweleza yote, mpaka habari za mfamasia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mimi nahesabu vigae vya ukuta. Kisha akaomba karatasi.

Balaa ndilo hili: mkono wake wa kulia una dripu, kwa hiyo ameandika kwa wa kushoto. Mwandiko umepinda kiasi kwamba hata mimi ningesema umeghushiwa. Mama, hii ni yake kweli. Sina cha kukuthibitishia, nimeshajiharibia mwenyewe. Zimebaki siku tano.

Mwanao

20 Machi

Mama,

Shikamoo. U mzima? Siku mbili nashinda kituoni. Kondakta akiniona tu kwa mbali anatikisa kichwa.

Bibi harusi amepita leo kuchagua riboni. Nilimwonyesha gari nikiwa nimeuegemea mlango ili asione tundu. Kama hutachonga sitakulaumu. Niambie tu, nikawaambie maharusi wajue la kufanya.

Mwanao

23 Machi

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena!

Kifurushi kilifika Ijumaa mchana. Vitasa, funguo, na wala hukuandika neno. Nilivirudisha kimoja kimoja. Mlango ukakubali. Buti likakubali. Swichi ikagoma, nikataka kulia. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, kwamba ufunguo mpya una haya, usiukaripie. Nikautoa, nikaurudisha taratibu, gari likanguruma. Maharusi walifika kwa wakati. Mwalimu nilipompigia alicheka mpaka nesi akamnyang'anya simu.

Ila kuna ufunguo wa nne. Nimeujaribu kwenye kifuniko cha tangi, kwenye kabati la dashibodi, hata kwenye kisanduku cha spana. Hauingii popote. Sina raha, nahisi kuna kitasa nilikisahau au nimekiharibu. Huu ni wa nini?

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Safari hii mgongo hukuuulizia, lakini unaendelea vizuri.

Ile barua ya mwalimu sikuiamini hata kidogo. Mwandiko kama kuku kapita kwenye wino. Niliizunguka pale mezani siku mbili nzima, nikaogopa nikichonga, nikaogopa nisipochonga. Mwisho nikashika tupa kwa sababu wewe ulisema ni yake.

Huo wa nne acha kuyasumbua nao magari ya watu. Ni wa mlango wa mbele wa huku nyumbani. Kitasa chake kina ukaidi kidogo: uinue kwanza, ndipo ugeuze.

Ukija, usipige hodi.

Mama yako