Kibomba cha Matanga Kwenye Harusi ya Nashipae

Kitengela

Kwa Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje unaota jua na lile goti limepoa. Mama aliniambia siku hizi unakwenda kanisani bila fimbo. Kama ni kweli nafurahi. Kama umeificha tu ili watu wasikuone mzee, ichukue, hakuna atakayekucheka. Je, mvua imefika? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawadanganya?

Mimi ni mzima. Mgongo unauma jioni, ukifika asubuhi umesahau. Bado niko kwenye machimbo, tunachonga mawe ya kujenga nyumba za watu ambao hatutawajua. Vumbi ni lile lile, linaingia mpaka kwenye chai. Lakini kazi ipo kila siku na msimamizi wa sasa hatukani watu, kwa hiyo siwezi kulalamika.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na jambo hili halitaki nusu. Tena anayekuletea barua ni binamu yangu Simiyu, na nimeifunga na gundi kwa kuwa alikuwepo mambo yakitokea, na akiisoma ataongeza yake. Pengine ameshaanza kukusimulia kabla hujafungua. Mwambie anyamaze kwanza anywe chai.

Jambo lenyewe ni hili: nimekipiga kile kibomba chako cha matanga kwenye harusi.

Usikasirike bado. Soma mpaka mwisho.

Unajua nilikuja huku na tarumbeta lako, na ndani ya sanduku lake kilikuwa kimelala kile kibomba kilichojikunja kama mkia wa nguruwe, kile unachochomeka kati ya mdomo wa tarumbeta na mwili wake. Sisi watoto tulikiona kikitoka siku za mazishi tu. Ukikichomeka, tarumbeta lilikuwa linatoa sauti nzito, na akina mama wanalia. Harusi, Krismasi, kuapishwa kwa chifu, kilibaki sandukuni. Simiyu alikuwa ananiambia kwamba ukikigusa bila msiba utauita msiba. Nilimwamini. Nimekaa huku miaka yote hii napiga kwenye bendi ya kanisa, na kibomba sijawahi kukitoa kwenye kitambaa chake.

Sasa nikueleze habari ya mama mwenye nyumba. Ni Mmaasai, mjane, tunamwita Yeyo, maana yake ni mama. Mimi na Simiyu tumepanga chumba kwenye ploti yake. Ni mtu wa maziwa na ukali. Ukichelewa kurudi anauliza kama umeolewa huko ulikotoka. Lakini nilipougua kifua, ni yeye aliyenipikia supu ya mizizi na kusimama mlangoni mpaka nimeimaliza.

Huyu Yeyo ndiye alikuwa anaongoza kina mama kuimba kanisani. Sauti yake iko chini, imejaa, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Halafu kanisa likapata bendi, na bendi yetu inajua kupiga kwenye kii moja tu, yaani mahali pamoja tu pa kuanzia wimbo, na mahali penyewe ni juu. Tulifundishwa nyimbo kwa vidole, si kwa karatasi, na vidole vinajua njia moja. Jumapili moja tulimvuta Yeyo juu, juu, mpaka sauti ikapasuka katikati ya ubeti. Vijana wakacheka. Alikaa chini akajifunika na shuka, na tangu siku hiyo akawa anakaa nyuma na mdomo umefungwa. Nilimwomba arudi mbele.

"Barasa," aliniambia, "mimi si mbuzi wa kuvutwa na shingo. Pigeni tarumbeta zenu. Mungu anasikia hata mtu akinyamaza."

Basi binti yake Nashipae akapata mchumba, kijana wa Kikuyu ana duka la vyuma hapa Kitengela. Ikapangwa kwamba harusi ianzie kwenye boma lao la asili, ndani huko ukipita Kisaju kuelekea Kajiado. Bendi yetu ndiyo imtoe bibi harusi nyumbani mpaka kwenye gari, kisha itangulie kanisani. Wakati wa kupanga nani ataongoza wimbo wa kumtoa, Yeyo akasema dada yake mdogo ndiye ataongoza, si yeye.

Nilikuwa hapo nje nafua nguo. Nashipae aliweka chini sufuria.

"Yeyo, unajua mila. Nikitoka kwa boma siwezi kugeuka."

"Najua. Ukigeuka unakuwa jiwe. Hata mimi sikugeuka."

"Sasa kama siwezi kugeuka nikuone, na wewe huimbi, nitajuaje uko nyuma yangu?"

Yeyo aliokota sufuria akaanza kuiosha, na ilikuwa imeshaoshwa. Mimi pia nilifua shati moja muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Jumamosi nilimweleza Kamau, ndiye mwalimu wetu wa bendi. Alijaribu kutushusha. Akatufundisha wimbo ule ule na vidole vipya ili utoke chini. Baba, ilikuwa aibu. Tukianza tuko chini, tukifika katikati nusu yetu tumesharudi juu kwa mazoea, nusu wamebaki, na mwenye tarumbeta kubwa la besi amepotea kabisa. Mimi peke yangu nilijikaza nikavishika vile vidole vipya. Hata machimboni nilikuwa nabonyeza hewa kwa vidole, kama nimeshika tarumbeta, mpaka wenzangu wakauliza kama nina wadudu.

Siku moja Kamau alifungua sanduku langu akitafuta mafuta ya pistoni, yale ya kulainisha vibonyezo, akatoa kitambaa.

"Barasa! Hii umeificha tangu lini?"

"Weka chini, mwalimu. Hiyo ni ya matanga."

"Ya matanga nani amekwambia? Hii ni ya kushusha kii. Unaongeza urefu wa bomba, sauti inashuka, vidole vinabaki vile vile. Tarumbeta za zamani zilikuwa zinakuja na hivi vitu."

"Kwetu ni ya matanga," nilisema. Na Simiyu nyuma yangu: "Mwalimu, kwetu hiyo kitu hatuigusi."

Kamau alicheka mpaka akakaa. Lakini mimi sikucheka, na sikulala vizuri. Nilijua sasa kwamba dawa ya Yeyo iko sandukuni mwangu, na niliogopa kuipeleka kwenye harusi ya mtoto wa mtu. Mwishowe nikaona si juu yangu kuamua peke yangu. Nilimwendea Yeyo nikamwonyesha, nikamwambia kila kitu: kwamba ulikuwa unakitoa siku za vilio tu, na kwamba kwetu kinaogopwa.

Alikigeuzageuza mkononi. "Baba yako alikuwa anaipigia watu wanaolia?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Na wewe unafikiri siku hiyo mimi nitakuwa nacheka?"

Akanirudishia. "Mtu akilia sauti yake inashuka. Baba yako alikuwa anashuka kuifuata. Kuja na hiyo kitu yako."

Baba, nimekua nikikiona kibomba hicho na sikuwahi kukifikiria hivyo. Nilidhani kinaleta majonzi. Kumbe watu walikuwa wameshalia usiku kucha, koo zimekwisha, na wewe ulikuwa unateremka kuwapokea pale walipo. Ni hivyo? Au nimeambiwa na mtu asiyekujua?

Tukapanga hivi: mimi na kibomba, na Simiyu na ngoma, ndio tumfuate Yeyo wakati wa kumtoa binti. Wengine wanyamaze mpaka bibi harusi aingie kwenye gari, halafu wapige kwa nguvu zao kwenye kii yao ya kawaida. Tulifanya mazoezi mara chache nyuma ya nyumba. Nilivuta kidogo vile vibomba vya pembeni kama ulivyokuwa unafanya, maana bila hivyo noti nyingine zinakuwa kali, zinapanda kupita mahali pake. Ikakaa sawa. Mbuzi walisimama kusikiliza.

Siku ikafika. Tulipelekwa na lori la mawe, limefagiliwa na kutandikwa mikeka, na bado suti zikageuka kijivu. Boma lilikuwa limejaa. Kina mama wamevaa shanga shingoni mpaka mabegani, wazee wamesimama na fimbo zao, upande wa bwana harusi wamekaa kwenye hema na viatu vya kung'aa. Nashipae akasimama mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso umefunikwa. Yeyo akasimama kando ya mlango. Kukawa kimya. Kamau akanisogelea, naye kwa wasiwasi akaninong'oneza: "Barasa, shusha!"

Alipotaja kushusha, vidole vyangu vikakumbuka yale mazoezi ya kwanza. Kibomba kimeshashusha, na mimi nikashusha tena na vidole. Baba, ilitoka sauti ya kuzimu. Ilikuwa chini kuliko mazishi yoyote uliyowahi kupiga. Simiyu aliacha ngoma.

"Umetuletea matanga!" alisema, na hakusema polepole.

Mzee mmoja wa Kimaasai akavua kofia. Upande wa bwana harusi wakaanza kuangaliana. Mimi nilitaka ardhi ya Kajiado ipasuke, na unajua haipasuki hovyo, ni jiwe tupu. Kwenye kivuli cha mlango nilimwona Nashipae ameshika fremu kwa mkono. Hakutoka. Kama Yeyo angekaa chini pale ajifunike na shuka, mambo yangeishia hapo.

Yeyo alinitazama. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Hata mimi sifiki huko, mtoto wangu," na kina mama wote wakaangua kicheko. Wakati bado wanacheka, yeye akaanza. Peke yake, bila kungoja chombo cha mtu. Alianza mahali pake, pale pa mtungi, na sauti haikutetemeka.

Nilirudisha vidole kwenye njia yao ya zamani na kupuliza, na nikamkuta. Hapo hapo, Baba. Kama mlango na bawaba yake. Simiyu alisikia, naye akarudi kwenye ngoma bila kuambiwa. Kina mama wakapokea, na nikaona hata wanaume wanaimba, kwa maana kwa mara ya kwanza wimbo ulikuwa umewafikia.

Nashipae akatoka. Alitembea taratibu sana, macho mbele, na hakugeuka. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye shanga lakini shingo haikugeuka. Yeyo alimfuata akiimba mpaka kwenye lango la miiba. Pale mama anasimama, haendi zaidi. Gari lilikuwa mbali kidogo kwa sababu ya korongo, na wimbo ulikuwa umefika mwisho. Yeyo akaurudia. Nami nikaurudia. Midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi, vumbi la machimbo lote la mwaka huu likaamka kifuani, na nikasema moyoni, nikianguka nianguke, lakini huyu mama hataimba peke yake. Wale wengine wa bendi walisahau kupiga bibi harusi alipoingia garini. Kamau mwenyewe alisahau kuwaamrisha. Tuliendelea sisi watatu, mama na tarumbeta na ngoma, mpaka gari likapotea na vumbi likalala.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Simiyu atakwambia kwamba nimechezea kitu cha wafu na kwamba tuombewe. Muulize ni nani aliyekula nyama kuliko wote siku hiyo, na kama alimkumbuka mfu yeyote. Ikiwa nimekosea, niambie, nitapokea. Lakini nisikudanganye: ningeambiwa nirudie kesho, ningekichomeka tena.

Jumapili Yeyo alikaa mbele. Vijana waliocheka siku ile ndio walimsogezea benchi. Na jana jioni Nashipae alipiga simu kutoka kwake. Mama yake anaweka simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo ploti nzima tulisikia. Waliongea habari za mkwe, na jiko, na maziwa ya mjini kuwa na maji. Mwishoni Yeyo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, "Na siku ile, ulinisikia mpaka wapi?"

"Mpaka tukashika lami," Nashipae alisema. "Dereva alitaka kufunga vioo kwa sababu ya vumbi. Nilimkataza."

Yeyo alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa. Kisha akaniambia nikuandikie ashe oleng, ndiyo asante sana ya kwao. Nimeiandika.

Msalimie Mama, na umwambie ninakula vizuri. Mke wangu na watoto nimewatumia pesa zao kwa mkono wa Simiyu, pamoja na shuka jekundu ambalo Yeyo amempa mke wangu; anamwita mkwewe wa mbali. Salamu kwa shangazi wa sokoni, kwa kaka yangu anayekukamulia ng'ombe, na kwa mzee anayepiga ngoma kanisani kwetu. Mwambie mkono wake Simiyu ameurithi hata kama akili hakuirithi. Mungu akutunzie goti na masikio.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Barasa